Mwaka Mmoja Tu

4 Septemba, Nyamwaga

Majina yametoka. Nimechaguliwa vyuo viwili, Mkwawa kule Iringa na Dodoma, kote Shahada ya Sayansi na Elimu. Kaka ndiye aliyenijazia maombi mwezi wa saba nikiwa kambini JKT Mafinga, tena kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akiwa Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu. Leo ujumbe umemfikia hukohuko, akapiga simu huku karasha la mawe linanguruma nyuma yake mpaka mama akadhani kuna msiba.

Uuguzi, niliouweka wa kwanza kwenye orodha, haukunipata. Kozi ile inataka angalau C ya Kemia na mimi nina D. Baiolojia C, Fizikia E, daraja la pili la pointi 12. Baba ameitundika karatasi ya matokeo ukutani pembeni ya kalenda, na kila mgeni anasomewa.

Aliyepata chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, na mwisho ni tarehe 21. Kwa hiyo swali limekuja na tarehe yake. Nithibitishe niende nikawe mwalimu wa Kemia na Baiolojia, au niache zote mbili, nikae nyumbani, nirudie Kemia mwezi Mei kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha mwakani niombe uuguzi?

Leo jibu langu ni kukaa. Mwaka mmoja tu. Nimelitamka mbele ya mama na hakusema kitu, ameendelea kupepeta wimbi.

7 Septemba

Nimeshinda na fomu ya mkopo. Hata kama nitaacha chuo nimeona niimalize, kwa kuwa Bodi ya Mikopo imeongeza siku hadi tarehe 14 na sijui kesho nitafikiri nini.

Mtu asiyewahi kuijaza hawezi kujua ilivyo. Cheti cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA. Fomu inachapwa, inatiwa sahihi na mwombaji, mdhamini, mtendaji wa kijiji na kamishna wa viapo, halafu kurasa zilizosainiwa zinapigwa skani na kurudishwa mtandaoni. Mtendaji nilimkuta kwenye kikao cha mipaka ya mashamba, nikamsubiri mpaka saa nane. Wa viapo yuko Tarime mjini. Mdhamini wangu ni mjomba. Alikuja na kitambulisho chake cha NIDA amekifunga kwenye leso, akaiandika sahihi yake herufi moja moja, ulimi nje, kama anachonga mpini. Alipomaliza aliniuliza, "Sasa hapa nimekubali kulipa nini?" Nikamweleza kwamba mkopo nitalipa mwenyewe nikiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka uishe, ila nikitoroka watamtafuta yeye. Akacheka, akasema mtu wa ukoo huu hatoroki.

Kwenye steshenari karibu na ofisi za halmashauri tulikuwa foleni, wote ni sisi wa kidato cha sita, na wote tunazungumza jambo lilelile. Wengi wao wanakwenda, sikusikia anayejiuliza. Mmoja tu, mvulana tuliyesoma naye shule ya msingi, alisema atakaa mwaka huu atafute hela kwanza. Wenzake walimwona mjanja. Mimi nilimwonea wivu kidogo, kwa jinsi alivyolisema bila kumtazama mtu usoni kutafuta ruhusa.

9 Septemba

Shangazi amekuja na maneno yake, nasi tulijua atakuja. Kuna familia upande wa Nyamongo, kijana wao ana gari la kubeba mawe na ng'ombe hawana hesabu. "Kama amesema anakaa mwaka mzima nyumbani," alimwambia baba, "anakaa anafanya nini?"

Baba alimsikiliza kwa heshima, maana ni dada yake mkubwa. Alijibu kwamba mtoto anasoma. Shangazi akauliza anasomea wapi. Baba akanyamaza, na mimi niliyekuwa nyuma ya mlango na beseni la vyombo sikuwa na neno la kumsaidia. Anayerudia mtihani nyumbani hana sare, hana kitambulisho wala mwalimu mkuu wa kumtetea. Ana daftari tu, na daftari haliko kwenye mizani moja na ng'ombe.

Siogopi kwamba baba ataniuza, nimeandika hapa nikiwa na uhakika. Alisimama imara mbele ya ukoo mzima nilipokuwa na miaka 12, wenzangu walipopelekwa kutahiriwa Desemba ile, na akatukanwa hadharani. Ila nimemwona akinyamaza leo.

11 Septemba

Babu yetu mdogo, yule mwalimu mstaafu wa Tarime, amelala hapa kwetu. Baba alimwita kwa ajili yangu bila kuniambia. Baada ya ugali tukakaa nje, naye akaanza mbali, kama kawaida yake.

Aliniuliza kama najua kwamba kulikuwa na wakati ambapo nchi nzima ilikatazwa kutoka kidato cha sita kwenda moja kwa moja chuo kikuu. Nikasema sijui. "Na liliamuliwa hapahapa mkoani kwetu," akasema, "Musoma, Novemba 1974."

Azimio la Musoma nimelisoma shuleni, lakini kwa upande wa elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Huu upande mwingine hatukufundishwa. Halmashauri Kuu ya TANU ilikubaliana kwamba kijana akimaliza kidato cha sita aende JKT mwaka mmoja, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe chuo kikuu. Na haombi kwa cheti cha mtihani peke yake. Anahitaji barua ya mwajiri na barua ya tawi la chama kwamba mwenendo wake unafaa. Mwalimu Nyerere hakutaka chuo kiwe cha watoto waliotoka darasani kuingia darasani, wasiomjua mkulima anayewalipia.

Babu alimaliza mwaka 1975, akaangukia hapo hapo. JKT, kisha karani kwenye ununuzi wa pamba upande wa Bunda, na mwaka 1978 ndipo akafika chuo kikuu, Mlimani. Hapo alichangamka. Alisema alipokaa kwenye mihadhara ya uchumi alikuwa anawaona watu, siyo grafu: mama aliyetembea usiku kuwahi mizani, karani mwenzake aliyekandamiza mizani kwa goti. Alikuwa na maswali ambayo asingekuwa nayo akiwa na miaka 19. "Miaka ile haikunipotea hata siku moja," alisema. Nami nikafurahi, nikadhani amekuja kunitetea.

Nikamuuliza wasichana waliomaliza naye walifanya kazi wapi.

Alikaa kimya akikuna goti. Akasema wengi wao waliolewa. Siyo kwamba walifeli kazini wala kwamba waliikataa shule. Walikwenda kusubiri miaka yao, na kusubiri kwao kukawa na mahari. Idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu ilishuka mpaka wakubwa wenyewe wakashtuka, na kufika mwaka 1976 wakawaondoa wanawake kwenye sharti lile. Wao wakaruhusiwa kutoka kidato cha sita moja kwa moja.

"Nanyi wavulana mlisemaje?"

"Tulilalamika," akasema. "Tuliona wamependelewa."

Hakuongeza lolote, akaenda kulala.

12 Septemba

Sijalala vizuri. Kinachonisumbua ni kwamba azimio lile halikuwa baya. Kila sababu aliyoitaja babu naikubali hata leo. Mimi mwenyewe nina miaka 20 na nilichokiona kwa macho yangu nje ya shule ni shamba la muhogo, kambi ya JKT na barabara ya Tarime kwenda Mugumu. Mtu anayefundisha watu wazima wajao ingefaa awe ameishi kidogo.

Lakini babu alisubiri akiwa na kazi aliyopangiwa, na mlango aliouacha wazi ulikuwa na mtu wa kuushika: mwajiri, tawi, utaratibu uliojulikana nchi nzima. Kila jirani alijua huyu kijana yuko njiani kwenda chuo. Na hata kwa utaratibu wote huo, wasichana hawakurudi wa kutosha. Mimi ninataka kusubiri bila chochote kati ya hivyo. Nyamwaga, mwaka huu, nyuma ya nyumba ya baba.

Mchana nimemtajia baba hoja ambayo watu wa Mara wote tunayo mdomoni, kwamba hata Mwalimu alifundisha Tabora kwanza ndipo akaenda Edinburgh mwaka 1949. Baba akanijibu bila kuacha jembe: "Alikuwa ameshamaliza Makerere." Ni kweli. Alifundisha akiwa na cheti chake mkononi.

15 Septemba

Nimejaribu kuuishi huo mwaka wangu kabla haujaanza, nione unafananaje.

Niliamka nikiwa nimepanga kusoma Kemia ya ogania asubuhi mpaka saa nne. Saa kumi na mbili maji. Saa moja bibi aliomba uji, kisha nimpake dawa ya miguu. Saa mbili na nusu jirani alileta mtoto nimshike akaenda hospitali ya wilaya kupanga foleni. Saa tano soko. Mchana muhogo ulikuwa juani na mawingu yalikuwa yanajikusanya, nani mwingine angeuanua? Nilifungua kitabu saa tatu usiku kwenye taa ya sola, nikasoma ukurasa mmoja wa esta, nikaamka shingo inauma na taa imezima yenyewe.

Mdogo wangu wa kiume yuko kidato cha nne. Alitoka saa moja asubuhi na vitabu vyake kwenda kujisomea na wenzake darasani, akarudi jioni, akakuta chakula. Hakuna aliyemfukuza wala aliyenilazimisha mimi. Hakuna mtu mbaya katika nyumba hii. Mama ameniambia mara nyingi "kasome", na kila mara amelisema akiwa amebeba kitu kizito ambacho nisingeweza kumwacha nacho.

Mambo ya uuguzi bado yananiuma na sitaki kuandika kana kwamba yameisha. Mama alipojifungua mdogo wetu wa mwisho tulimkimbiza Tarime usiku kwa pikipiki, mimi nimekaa nyuma yake nikimshikilia. Muuguzi aliyempokea alizungumza naye Kikuria, taratibu, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mama akaacha kutetemeka. Tangu usiku ule nilijua ninataka kuwa nani. Ualimu sikuwahi kuuota. Nauheshimu, lakini sikuuota.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea haujafungwa. Bado ningeweza.

18 Septemba

Nimekwenda Nyamongo kwa kaka. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka kumwona, maana yeye ndiye mwaka mmoja tu wa nyumba yetu.

Alimaliza kidato cha sita miaka mitatu iliyopita. Alipata chuo, mkopo haukutosha, akasema atasimama mwaka mmoja atafute ada mwenyewe. Wakati ule lilikuwa wazo la busara na sote tulilisifu. Alianza kwa kuokota na kuponda mawe ya magwangala, yale mabaki yanayomwagwa, akahamia kwenye karasha la mtu, sasa analinda mwalo na kusimamia wanaosafisha. Hela anapata. Wiki nyingine anapata kuliko mshahara wa mwalimu wa mwezi, wiki nyingine anakula kwa mkopo. Nilimkuta akimtazama mzee mmoja anayekamua kitambaa chenye zebaki kwa vidole vitupu, tone la fedha linateleza kwenye kiganja, na kinachobaki ndani ya kitambaa ni kidonge kidogo kisichofika punje ya harage. Wakakichoma hapo hapo kwenye kifuniko cha kopo. Nilirudi nyuma kwa sababu ya ule moshi, wao hawakurudi.

Nilimuuliza mwaka ulimpotea wapi. Alisema haukupotea siku moja. Mwaka wa kwanza alikaribia kutimiza ada, bibi akalazwa. Wa pili mimi nilihitaji vifaa vya kidato cha tano, godoro, ndoo, nauli. Wa tatu aliacha kuhesabu. "Ukishakuwa na hela kidogo nyumbani," alisema, "wewe ndiye mkopo wa kila mtu." Hakulalamika. Nilisimama pale nikijua godoro lile nililalia mimi.

Ana nafasi ya kazi aliyonitafutia, kampuni inayolisha wafanyakazi huku, karani wa stoo, mkataba wa mwaka. Alitaka nijue ipo kabla sijaamua, asije akaonekana amenificha. Nikamweleza nilichokisoma kwenye mwongozo wa Bodi: mwombaji wa mkopo hatakiwi kuwa na kipato cha ajira au mkataba rasmi, serikalini wala sekta binafsi. Wakati wa dirisha la maombi mwakani ningekuwa bado ndani ya mkataba. Ningekuwa ninafanya kazi ili nisome, na kazi hiyo ndiyo ingeninyima mkopo wa kusomea.

Kisha nikamwambia jambo la pili la mwongozo uleule, nililolibeba kutoka nyumbani kwa ajili yake. Bodi inampokea aliyehitimu kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Yeye bado yumo. Na kuponda mawe siyo mkataba rasmi. Alinitazama kama nimemtukana, akasema karasha linamwita.

20 Septemba

Nimeamua. Nathibitisha Mkwawa.

Sababu niziandike nikizikumbuka zilivyo, zisije zikapambwa baadaye. Mwaka wa kusubiri una thamani kwa aliye na mahali pa kuuweka. Kaka hakuwa na mahali, wale wasichana wa 1975 hawakuwa na mahali, mimi sina. Kama ningekuwa na chumba Tarime mjini karibu na kituo cha mtihani, na mtu wa kunifundisha vitendo vya maabara, ningerudia Kemia na ningeipata, naamini hivyo. Rafiki yangu wa bwenini mwenye wazazi wa namna hiyo anarudia, na nilimwambia jana kwenye simu kwamba amefanya vizuri. Sisemi kila mtu aende. Nasema huku, kwa msichana, kubaki nyumbani kunahesabiwa na wengine kuwa ni jibu, kabla mwenyewe hujajibu.

Na kuna hili: ualimu wa Kemia. Nilipata D kwa sababu nyingi, mojawapo ni kwamba mwalimu wa Kemia alikuja tukiwa tumebakiza muhula mmoja. Huku kwetu wapo wasichana wengi watakaotaka C ile.

Dodoma ni karibu zaidi na mama angependa. Nimechagua Iringa kwa kuwa kozi ya Mkwawa ndiyo nimeisoma yote, somo kwa somo, nikaipenda kuliko nilivyotarajia. Baridi yake naijua tangu kambini.

21 Septemba

Namba ya siri imeingizwa. Mtandao ulikata mara moja, roho ikaruka, ukarudi. "Umethibitisha." Mkopo bado haujulikani, majina yatatoka Oktoba. Utaratibu ndivyo ulivyo: unasema ndiyo kwanza, hela utazijua baadaye. Sioni kwa nini mtoto wa mkulima alazimishwe kukubali nafasi asiyojua kama ataweza kuilipia, na ningependa mtu mwenye kauli alitafakari hilo.

Baba amempigia shangazi mwenyewe.

10 Oktoba

Awamu ya kwanza ya mikopo imetoka. Simo.

Mama ameanza kuhesabu mbuzi. Baba anazungumzia ng'ombe mmoja. Nimewaomba wasiuze kitu mpaka awamu ya pili. Nimeyasema haya kwa sauti ya mtu mzima, kisha nikaenda kulia shambani.

19 Oktoba

Nimo! Fedha za kujikimu zote, yaani bumu la 10,000 kwa siku, vitabu, na sehemu ya ada. Pengo la ada lipo na si dogo. Baba na mjomba wamekaa jioni nzima na kalamu. Mbuzi wawili watauzwa, si ng'ombe. Mjomba amesema sahihi yake ile iliyomtoa jasho imezaa.

Bibi aliuliza nani atampaka dawa ya miguu. Mdogo wangu wa kiume akasema yeye. Nimemwonyesha namna ya kuanzia kwenye kisigino.

27 Oktoba

Kesho alfajiri Tarime, kisha basi la Mwanza, nalala kwa binamu, keshokutwa Iringa.

Kaka amekuja leo na nauli, na godoro jipya lililofungwa kwa kamba juu ya pikipiki. Nilimwambia chuo kina mabweni na basi litalitoza godoro kama abiria. Akasema basi litoze. Tulipobaki wawili alitoa karatasi mfukoni iliyokunjwa mpaka imekatika kwenye mikunjo, namba yake ya mtihani wa kidato cha sita na mwaka. Akaniuliza dirisha la mwakani linafunguliwa mwezi gani. Nikamjibu kwa udahili ni Julai, ila cheti cha kuzaliwa akihakiki RITA mapema, asingoje. Cheti amekipoteza. Basi aanze na hicho, nikamwambia, aombe nakala Tarime wiki hii hii kabla hajapata hela nyingine ya kumkopesha mtu.

Akasema atakwenda Jumatano. Nitampigia Alhamisi.